Barua Niliyoiandika Nimekaa

Benchi lile bado lipo. Mwezi uliopita nilishuka kutoka Magamba kufuata dawa zangu za presha, na miguu yangu, kama punda aliyezoea njia, ikanipeleka yenyewe hadi nje ya chumba nilichofanyia kazi miaka na miaka. Ni benchi la mkaratusi, limeng'aa kwa kukaliwa na watu waliokuja kulalamika. Nikakaa kidogo. Kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatoka, akaniamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba baba. Sina shida, napumzika tu."

Akarudi ndani kwenye kompyuta yake. Wanangu, niliumia. Kijana hakukosea lolote. Niliumia kwa sababu benchi lile halikuwahi kuwa kimya namna ile. Zamani usingekaa pale dakika mbili kabla jirani yako hajaanza kukusimulia ukuta wake ulivyodondoka.

Nilikuwa afisa wa dawati la malalamiko katika halmashauri moja ya milima hii ya Usambara. Sitaitaja, maana ninayotaka kusimulia ni makosa yangu, na ofisi isibebe mzigo wangu. Malalamiko yaliyokuja kwangu yalikuwa mengi, lakini yaliyonikaa moyoni ni ya makazi. Mnaijua milima yetu. Mvua ikizidi, udongo unateremka, na nyumba ya miti na udongo iliyokandikwa vizuri miaka ishirini inakwenda kwa usiku mmoja. Kulikuwa na fungu la kusaidia wazee, wajane na wagonjwa walioangukiwa: bati, misumari, saruji kidogo ya msingi. Majina yalitoka vitongojini, wakaguzi wakaenda kutazama nyumba, kisha kamati ikapitisha. Aliyeachwa ndiye aliyekuja kukaa kwenye benchi langu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hizi sasa. Mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Namshukuru Mungu kwa ajili yenu, na siwaonei wivu hata kidogo. Haya, wivu kidogo upo, kwa sababu ya magoti yenu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hoza. Nilimkuta pale nikiwa binti mwenye viatu vya kisigino, akaviangalia viatu vyangu siku ya kwanza kabla hajaniangalia usoni. "Binti," akasema, "hivyo ni vya kwenda kanisani. Kazi yetu inataka vya kwenda shambani." Kesho yake nikaja na raba za kaka yangu, kubwa, nimezijazia magazeti. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Wakati ule tulikuwa na sanduku la maoni, la mbao, limepigiliwa ukutani, lina kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mkubwa mmoja ambaye alihamishwa akaondoka nao. Ikapita miezi. Tulipovunja kufuli, manyigu walikuwa wamejenga humo, wakatutoa mbio ofisi nzima hadi uwanjani. Karani mmoja alivimba mdomo wiki nzima, akawa anatuamkia kwa mkono. Mzee Hoza alisimama mbali, koti kichwani, akasema: "Hata manyigu wamechoka kusubiri majibu." Ndani ya sanduku tulikuta karatasi tisa. Moja ilikuwa ya mama aliyeomba turubai wakati mtoto wake ana siku tano. Tulipoisoma, mtoto alikuwa anatambaa. Tangu siku ile Mzee Hoza hakutaka sanduku. Alitaka benchi.

Alikuwa na namna yake ya kumpokea mtu. Hakuuliza "shida yako nini?", maana ukiuliza hivyo, mtu anakupa hotuba aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Aliuliza, "Jana ulilala wapi?" Jaribuni siku moja. Mtu akijibu swali hilo, malalamiko yake yote yamo. Alinikataza pia kuandika neno "anadai". "Andika amesema," aliniambia. "Ukiandika anadai, umeshamhukumu kabla wino haujakauka." Na kila Jumatatu aliniuliza swali lile lile: "Wiki hii utapanda wapi?" Kupanda, kwake, ni kwenda kuiona nyumba yenyewe kwa miguu. Usiende siku ya gulio, hutakuta mtu. Usitanguliwe na mwenyekiti wa kitongoji, utasikia ya mwenyekiti. Anza kwa jirani, umalizie kwa mwenyewe. Na ukipewa chai, kunywa, hata kama ni ya nne, kwa kuwa watu husema kweli wakati kikombe kinakaribia kuisha.

Mzee Hoza alistaafu. Baadaye kidogo zikaja kamera. Wakaguzi wakaacha kuandika maelezo marefu, wakawa wanapiga picha. Nyumba hii hapa, imeanguka. Nyumba hii hapa, imesimama. Kazi ikawa nyepesi, nami nikafurahi. Nilikuwa na watoto wadogo, mume wangu alikuwa anaumwa, na nyumba zetu hizi, mnajua, kila moja iko nyuma ya kilima kingine. Nikaanza kumaliza malalamiko nikiwa mezani.

Hapo ndipo alipokuja Bibi Tabita. Si jina lake, lakini lingemfaa. Alikuwa mjane, Mlutheri kama mimi, ametoka kitongoji kimoja juu ya Mlalo. Alikuja na sweta la kijani na mwavuli uliovunjika mbavu mbili, akaniambia kwamba mvua za mwaka ule zilimwangushia nyumba, jina lake likaandikwa, na sasa wenzake wamepewa bati na yeye hakupewa. Nilimsikiliza, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sikumuuliza alilala wapi. Nilichukua faili. Picha ilionyesha nyumba ndogo imesimama, ina mlango, ina moshi juu. Chini mkaguzi ameandika: *Mwombaji ana nyumba.* Nilimwambia bibi nitamjibu kwa barua. Alishukuru, akaondoka. Nikaandika kwamba malalamiko yamechunguzwa, hayana msingi, yamefungwa. Nikapiga muhuri. Nikaituma kwa mtendaji wa kijiji. Ilinichukua muda wa kunywa chai.

Miezi ikapita. Jumapili moja baada ya ibada nikaenda kumwona Mzee Hoza, amelala kitandani, miguu imekataa. Tuliomba pamoja. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono.

"Wiki hii utapanda wapi, binti?"

Nikasema, "Baba, siku hizi kazi ni nyingi."

"Kazi nyingi ipi, kama hupandi?"

Sikuwa na jibu. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na swali lake kama kokoto kwenye kiatu. Jumatatu nikaenda kwenye kabati la malalamiko yaliyofungwa, nikachomoa faili moja bila kuchagua. Lilikuwa la Bibi Tabita.

Gari la Mlalo lilinishusha asubuhi, nikapanda kwa saa mbili hivi. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilipokaribia nikaanza kwa jirani, kama nilivyofundishwa. Jirani alikuwa mwanamume wa makamo, watu wanamwita Baba Yona. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe amefungwa chini ya mti, amefunikwa gunia mgongoni kama mgonjwa.

"Onga maundo," nikamwamkia kwa Kisambaa.

Akaitikia, kisha akaona faili langu. Akaweka panga chini.

"Dada, umekuja kwa ajili ya barua?"

"Barua ipi?"

"Ile ya muhuri. Tuliisoma sisi, mimi na mke wangu. Bibi hajui kusoma." Akatazama chini. "Tulishindwa kumwambia. Tulimwambia tu kwamba barua imefika."

"Naye?"

"Naye akafurahi. Ameifunga kwenye kitambaa, inalala na kitabu chake cha sala. Watu wakimuuliza habari ya bati, anasema, 'Serikali imeshaniandikia, nasubiri.' Dada, masika yanakuja. Kila siku anasubiri."

Wanangu, niliketi pale chini kwenye majani. Nilitamani kurudi nilikotoka. Baba Yona alinionea huruma, akaingia ndani akaniletea chai.

Tulipofika na Baba Yona, Bibi Tabita alikuwa nje ya kibanda chake, anachambua maharage. Nilimpigia magoti, nikamwamkia. Alinitambua mara moja.

"Marahaba mwanangu. Nilijua utakuja mwenyewe. Mtu aliyeandika barua nzuri vile hawezi kumtuma mtu mwingine."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa, akakifungua taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Barua ilikuwa safi kuliko siku nilipoiandika. Akanipa.

"Nisomee, maana hawa waliisoma kimoyomoyo, haraka haraka."

Baba Yona akageuka, akatazama bondeni. Ningeweza kumdanganya. Nasema kweli, nilifikiri kufanya hivyo. Ningeweza kusoma maneno mengine. Lakini nilikuwa nimepiga magoti, na mtu akishapiga magoti, uongo unakuwa mzito. Nikamsomea kama ilivyo. Yamechunguzwa. Hayana msingi. Yamefungwa. Jina langu. Muhuri.

Maharage yakawa yanaanguka moja moja kutoka mkononi mwake.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Imesema imechunguza. Nani alikuja?"

"Sikuja, bibi. Niliangalia picha."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Basi mwanangu," akasema, "hii uliiandika umekaa."

Nikasema ndiyo. Nikalia. Akaniacha nilie kiasi, kisha akaniambia, "Haya, inuka sasa. Umeshapanda, njoo uone."

Alinipeleka hatua kama thelathini nyuma ya kibanda. Kulikuwa na kingo ya udongo mwekundu iliyoteremka, na chini yake uwanja mtupu, nguzo mbili zimevunjika, majani yameanza kuota. Katikati ya uwanja ule, mvuani na juani, palikuwa na mafiga matatu. Meusi, makubwa, yamekaa mahali pake. Kando yake jivu bichi.

"Bado unapikia hapa?" nikamuuliza.

"Napikia hapa. Hawa majirani walinitendea wema. Nyumba ilianguka usiku wa Alhamisi, Jumamosi wakafanya msaragambo, kazi ya pamoja, wote, wakanisimamishia kile kibanda jioni nikalala pakavu. Nashukuru. Lakini mafiga sikuyahamisha. Mafiga ya mama mkwe wangu haya. Nitayahamisha kwenye nyumba. Siwezi kuyapeleka kwenye makao ya kuazima."

Hapo ndipo nilipoelewa mkaguzi alipiga picha ya nini. Alifika wiki mbili baada ya msaragambo, akasimama njiani, akaona mlango na moshi wa nyuma ukipanda. Picha yake haikusema uongo, ila haikusimulia Alhamisi wala Jumamosi. Tumemnyima mjane nyumba kwa sababu majirani zake walikuwa wema. Wangemwacha alale nje wiki mbili, angepata bati.

Nilirudi ofisini nikafungua faili upya. Wenzangu hawakupenda. Mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, alinivuta pembeni. "Mama Samweli, utaandika kwamba umekosea? Kwa mkono wako? Acha bibi alete malalamiko mapya, uyashughulikie kama mapya." Ilikuwa njia rahisi, na ningebaki safi. Lakini malalamiko mapya yangekwenda nyuma ya foleni, na stoo kulibaki bati za kuezeka nyumba moja tu. Masika yalikuwa yanabisha hodi. Nikaandika: *Afisa alifunga malalamiko haya bila kwenda kuona. Afisa ni mimi.*

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Nilimwomba Baba Yona aje. Alikuja na koti la harusi yake, linambana mabegani, akakaa mwisho kabisa wa meza, kofia mapajani. Nikaeleza yote. Mjumbe mmoja, mtu makini, si mbaya, akainua picha.

"Mama, tunakuheshimu. Lakini nyumba hii hapa. Ina kuta, ina mlango. Tukimpa huyu mwenye mlango, wasio na mlango watatuambiaje?"

Wengine wakaitikia. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, na nikajua huruma ile ndiyo inayotangulia kukataa.

Baba Yona akainua mkono kama yuko darasani.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Huo mlango kwenye picha mnauona vizuri?"

"Tunauona."

"Una alama upande wa chini, kama umetafunwa?"

Mjumbe akaisogeza picha karibu na macho. "Unaonekana hivyo."

"Aliyeutafuna ni ng'ombe wangu. Ule ni mlango wa banda lake. Na nguzo ni zake, na mabanzi ni yake. Siku ya msaragambo hatukuwa na miti ya kutosha, nikabomoa banda. Sasa ng'ombe analala nje amevaa gunia, maziwa yamepungua nusu, na mke wangu haongei nami vizuri." Akaigeuza kofia mapajani. "Kama kamati inasema ile ni nyumba, sibishani na kamati. Ila mwandike kwamba ni nyumba ya ng'ombe, ili na yeye ajue aende kulalamika kwa nani."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Hata mjumbe mwenye picha alicheka hadi akavua miwani. Kisha kikatulia, na katika utulivu ule kila mmoja aliiona upya ile picha. Mwenyekiti akaniuliza neno moja tu: "Umeyaona hayo mafiga kwa macho yako?"

"Nimeyaona, Mheshimiwa. Yana jivu bichi."

Bati zikaenda kwa Bibi Tabita.

Nyumba ilijengwa kwa msaragambo mwingine, chini ya ile kingo lakini mbali nayo, mahali penye mwamba. Nilikwenda siku ya kuhamia. Bibi alibeba figa moja kichwani juu ya kata, mke wa Baba Yona akabeba la pili, la tatu nikaambiwa ni langu. Lilikuwa zito na lilinichafua gauni la kanisani, na sijawahi kulifua likatakata. Tuliomba mlangoni. Bibi akayapanga mwenyewe, akawasha moto, kisha akaja na kile kitambaa.

"Chukua barua yako, mwanangu. Nilikuwa naitunza badala ya nyumba. Sasa nyumba ninayo."

Ninayo hadi leo. Nimeiweka kwenye Biblia yangu. Miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, kabla sijapiga muhuri barua ya kumkatalia mtu, niliisimamia. Nasema kweli: nilisimama, nikaisoma kwa sauti, nikimfikiria mwenyewe ameketi mbele yangu. Mara nyingi nilikaa tena nikaichana, nikatafuta raba zangu. Na iliyostahili kukataliwa, niliipeleka mwenyewe nikaisoma, na watu walinikasirikia, lakini hakuna aliyeachwa akisubiri. Sina mengine makubwa ya kuwafundisha. Mzee Hoza alifariki mwaka ule ule. Niliwahi kumsimulia habari ya ng'ombe, alicheka akakohoa, akaniambia, "Umeona? Ungebaki mezani, ungelikosa lile gunia."

Hamu niliyonayo, wanangu, hainitoki. Naikumbuka njia ile asubuhi, harufu ya moshi na majani mabichi, mtu akikuita kutoka shamba la juu kukuuliza unakwenda kwa nani. Nakumbuka chai ya nne. Mungu amenipa nyumba nzuri hapa Magamba, ina bati jekundu, haivuji, na watoto wangu wananijali. Nashukuru kila siku. Lakini hakuna anayeniuliza wiki hii nitapanda wapi.

Na kuna jambo moja zaidi. Mvua ya kwanza ya masika ya mwaka ule ilinyesha mchana, nikiwa ofisini. Simu yangu ikalia, namba ya Baba Yona. Nikapokea haraka: kumetokea nini? Nikasema haloo, haloo. Hakujibu mtu. Nikasikia kishindo tu, kikubwa, kinazidi, hadi nikaitoa simu sikioni. Nikafikiri mlima unateremka. Kisha sauti ya Bibi Tabita, kwa mbali, anampigia kelele Baba Yona ashike simu juu zaidi, karibu na paa.

"Sikiliza, mwanangu!" akaniambia. "Sikiliza!"

Ilikuwa bati. Nilisikiliza nimesimama, hadi salio la Baba Yona likaisha.

Kila mwaka alinipigia mvua ya kwanza ikianza. Hatukuongea, tulisikiliza tu. Bibi amelala sasa, yuko kule juu ya Mlalo karibu na mumewe, na mjukuu wake ndiye anayepikia kwenye mafiga yale. Nami huku Magamba, masika yakianza kupiga bati langu, huacha ninachofanya, nikanyamaza, na nikaitazama simu.